Nukta ya Khubeir

Kalamu niliirudisha Ijumaa. Kiti nilikirudisha Jumatatu, maana Ijumaa palikuwa na mama amekikalia na sikuthubutu kumwambia ainuke. Ndivyo nilivyostaafu. Nyinyi wadogo zangu mnaobaki dirishani mliniomba niandike niliyoyaona katika ofisi yetu ya kuandikisha watoto wanaozaliwa, nami nikakubali, kwa sababu kusema hapana mbele ya watu wanne waliosimama kunanishinda. Mniwie radhi nikichelewa. Elimu yangu ni ya msingi, naandika polepole, na kila neno nalitazama mara mbili kabla ya kuliacha liende zake.

Sitaandika habari za vyeo, maana nilikuwa na kimoja tu na nilikaa nacho. Nitaandika habari za jina moja. Si jina la watu wengi, lakini mwaka hauishi bila kuliandika mara mbili tatu, mara kwa mtoto wa Ng'ambo, mara kwa mtoto wa shamba. Jina lenyewe ni Khubeir. Mmeniuliza mara nyingi limetoka wapi, nami nikajifanya natafuta rula. Leo nawaambia. Limetoka kwangu. Na aliyeumia kwa ajili yake ni mama mmoja wa Kikwajuni, ambaye kwa miaka arobaini alimlaumu mtu asiye na kosa.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa na cheti cha maana ila nilikuwa na mambo mawili: mwandiko mzuri, na herufi za Kiarabu nilizosoma chuo cha Kurani mpaka zikanikaa. Siku hizo baba wengi hawakujua kusoma kizungu. Mtoto akitimiza siku saba, mwalimu wa chuo aliwaandikia jina kwenye kipande cha karatasi kwa herufi za Kiarabu, na baba akakileta kwetu. Mtu wa dirishani alitakiwa asome huku aandike kule.

Aliyenifundisha ni Bi Raya, mkuu wa chumba cha madaftari. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, upande wa pili ameifunga uzi. Siku ya kwanza alinipa kalamu ya wino akaniambia niandike Mwanakhamis. Akenda kunywa maji, akazungumza na mtu wa chai, akarudi. Nilikuwa bado niko kwenye kha.

"Huyu," akasema mbele ya watu wote, "mpaka astaafu atakuwa kaandika madaftari mawili. Lakini yatasomeka."

Nilifurahi wiki nzima.

Madaftari hamkuyakuta. Yalikuwa makubwa, yamevikwa kitambaa cheusi, na kulitoa moja rafuni kulitaka watu wawili. Tulikuwa na kidau cha wino, karatasi ya kunyonyea wino, rula ya mbao iliyoliwa kona, na muhuri. Wembe ulikuwa marufuku. Nilipouleta wangu ili nikwangue kosa, Bi Raya aliuchukua akaufunga kabatini, na nadhani umo mpaka leo. Alinifundisha kwamba kosa halikwanguliwi. Linapigwa mstari mmoja mwembamba, sahihi inaandikwa juu yake, na mwandishi anatia jina lake pembeni. "Mtu ajae baada yako aone palipokosewa na nani kakosea. Daftari lisilo na kosa ni daftari la muongo."

Na alikuwa na kanuni nyengine, kubwa kuliko hiyo. Jina husomwa mara tatu: kwanza kwa macho, kisha kwa kalamu, kisha kwa mdomo, mzazi asikie na akubali, ndipo wino ukauke. Mara ya kwanza na ya pili sikuwa na tabu. Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Mimi mbele ya watu sauti hunirudi tumboni.

"Weye mtoto, sauti umeiwacha wapi?" Bi Raya huniuliza.

"Nnayo, bi."

"Basi itowe, isije ikaoza."

Siku ninayotaka kuwaeleza, Bi Raya alikwenda mazikoni. Nilikuwa na miezi minne kazini na dirisha lilikuwa langu peke yangu. Foleni ilifika nje kwenye baskeli. Katikati ya asubuhi akasimama fundi mwashi mmoja, chokaa kwenye kope, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema anaitwa Machano, anatoka Kikwajuni, na kwamba amechelewa kwa sababu alipitia kibarazani kupata kahawa.

"Mtoto wa kiume," akasema. "Jina limo humo. Tumempa jina la mjomba wake, ndugu wa mke wangu. Marehemu. Alikuwa mkwezi, akaanguka mnazi, mke wangu ana mimba ya miezi sita. Hana ndugu mwengine, yule ndiye alikuwa wa pekee. Kwa hiyo liandike vizuri, mwanangu, maana hilo ndilo lililobaki."

Nikaikunjua karatasi. Sasa hapa nyinyi mliosoma kwa kompyuta itabidi mnivumilie. Herufi ya jimu na herufi ya khe ni umbo moja. Zote zina kichwa na tumbo. Zinatofautiana kwa nukta tu: jimu nukta yake iko chini, khe nukta yake iko juu. Mwalimu aliyeandika karatasi ile alikuwa wa zamani, nukta akizitia kwa uchoyo. Nikatazama herufi ya kwanza. Chini sikuona kitu, palikuwa na mkunjo wa karatasi. Juu palikuwa na nukta, nene, haina shaka. Khe. Nikasoma kwa macho: Khubeir. Sikupata kulisikia jina hilo, lakini watu huita watoto wao wapendavyo.

Nikaandika. Ikabaki mara ya tatu, ya mdomo.

Mtu wa nyuma kwenye foleni akasema, "Kijana huyo anasoma au anahifadhi?" Watu wakacheka. Masikio yakanipata moto. Fundi Machano alikuwa amegeuka anaitazama baskeli yake. Nikasema, kwa sauti ambayo nusu yake ilibaki kooni, "Khubeir?"

Akageuka. "Naam?"

Nikaweka karatasi ya kunyonyea wino juu ya jina, nikaibana kwa kiganja.

Nyinyi ni watu wa hapa, sina haja ya kuwafundisha. Mtu akiitwa hujibu naam. Mtu akikubali pia husema naam. Na mtu akisikia kitu nusu nusu akataka akirudie, naye husema naam, akiivuta kidogo mwishoni. Fundi Machano aliivuta. Niliisikia vizuri sana ilivyovutwa. Lakini foleni ilikuwa inacheka, na mimi nilitaka sana iwe ile ya kukubali.

Cheti alikichukua wiki iliyofuata, akakikunja mara nne vilevile.

Miaka ikapita. Nilijifunza kuongeza sauti, si sana. Nilikutana na mambo magumu mengi. Kuna mzee aliyeandikisha pacha wawili kwa jina moja, akasema mmoja ataitwa asubuhi na mwengine jioni. Kuna baba aliyeulizwa jina la mtoto akajibu "Bado," na mwenzangu, ambaye sasa ni marehemu, akaandika Bado. Mtoto huyo ni fundi wa mafriji, ana duka, na kibao cha duka kinasema Bado. Huyo hakuwa wangu. Bi Raya naye alistaafu, akaniachia lenzi yake ya kusomea na ufunguo wa kabati lenye wembe.

Yule mtoto wa fundi alikuwa na miaka kama ishirini hivi, na mimi nimeshakuwa na mvi mbili tatu, alipokuja kijana mmoja wa Ng'ambo na karatasi ya hospitali. Jina la mtoto: Khubeir.

Nikamuuliza, kwa udadisi tu, "Jina adimu hili. Umelitoa wapi?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejua njia ya sokoni. "Hulijui weye? La mlinda mlango wa Kikwajuni. Kacheza penalti tatu siku moja, uwanja mzima unamwita. Khubeir Machano."

Aliposema Machano, nilimkumbuka yule fundi mwenye chokaa kwenye kope. Nilimaliza kumwandikia, nikamsomea kwa sauti, akakubali. Baada ya sala ya adhuhuri nikaingia chumba cha madaftari. Kulitoa lile daftari peke yangu kulinichukua muda. Nikakuta ukurasa, nikakuta mwandiko wangu. Mwandiko mzuri sana. Kisha nikatafuta fungu la karatasi za mwaka ule, zimefungwa uzi, nikaipata ile yenye mikunjo minne.

Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Herufi zilikuwa za wino mweusi, na nukta zote nyeusi, ila moja. Nukta ya juu ya herufi ya kwanza ilikuwa ya hudhurungi. Nikaigusa kwa ukucha. Ikabanduka kama gamba la samaki. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe. Nikachukua lenzi ya Bi Raya nikatazama kwenye mkunjo, chini ya herufi. Ilikuwepo, imechakaa, ndogo kama punje ya ufuta.

Jubeir. Nilitia khe kwa tone la kahawa.

Nikakumbuka na maneno ya fundi, neno kwa neno. Hilo ndilo lililobaki.

Kanuni ya Bi Raya ilikuwa wazi: piga mstari, andika juu, weka jina lako pembeni. Lakini kijana yule alikuwa na jina hilo kwenye kila karatasi yake, na uwanja mzima unamwita. Mstari wangu haukuweza kufika huko. Nilichoweza ni kwenda kwao kusema. Kutoka ofisini mpaka Kikwajuni si mbali. Nilikwenda mara moja, nikafika konani, nikamwona mama kwenye kibaraza anasuka ukili wa mkeka. Nikanunua mkate duka la jirani, nikarudi.

Badala ya kusema, nikawa nauliza. Huo ndio ukweli wa udadisi wangu mliokuwa mkiusifu. Kila aliyekuja na Khubeir nilimuuliza amelitoa wapi. Mtu wa Nungwi aliniambia, huku akipiga kidole mezani, kwamba ni jina la mababu zao kule kaskazini, lipo tangu kabla ya Waarabu kuja.

"Tangu kabla?" nikauliza. "Mbona jina lenyewe lina khe?"

"Khe walitukuta nayo," akasema.

Mama mmoja alisema ni jina la ukoo mkubwa wa Arabuni, kalisikia kwa wifi yake. Mwengine alisema kaota. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila mmoja alinieleza kwa huruma, kama anayemfundisha mtu mgeni. Nilitikisa kichwa nikaandika. Mwalimu mmoja wa Kiarabu, aliyekuja kumwandikisha mtoto wa dada yake, ndiye aliyenishitua. Nilimuuliza kama neno hilo lina maana yoyote.

"Lina," akasema. "Ni udogo wa khabar. Khubeir, kijihabari. Habari ndogo."

Kumbe kosa langu lilikuwa na elimu kuliko mimi. Nikamuuliza, "Na Jubeir?"

"Hilo asili yake ni kuunga. Kama kuunga mfupa uliovunjika."

Sikumuuliza tena.

Kisha akaja mwenyewe, yule mlinda mlango. Alikuwa mtu mzima sasa, goti moja bovu, anataka nakala ya cheti chake. Mikono yake ilijaza dirisha. Nikamuuliza kwa mbali, "Nyumbani wanakuita hivi hivi, Khubeir?"

Akacheka. "Wote, ila mama. Mama peke yake ananiita Jubeir. Mimi mwenyewe sikujua kama ni Khubeir mpaka siku ya kwanza skuli, mwalimu anaita, simjibu, akanichapa. Baba akasema labda kizungu ndivyo wanavyoliandika. Mama hakukubali. Alisema baba alilisema vibaya pale dirishani, alikuwa na mawazo ya kahawa yake. Wamenuniana kwa jina hilo mpaka baba amekufa."

"Amekufa lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Nikampa nakala. Nikamwambia aishike vizuri, wino haujakauka. Akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Ilikuwa imetoka kwenye mashine.

Hata siku ile sikusema. Nawaandikia hili mjue mtu anaweza kuwa na mwandiko mzuri na asiwe na kitu chengine chochote.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu, binti yangu Asha akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekaa kitandani, amechoka na amefurahi, mumewe anamenya chungwa.

"Baba," akasema, "jina tushapata. Usiseme lolote mpaka nimalize. Ni jina adimu, halina watu wengi, lina asili kubwa, na lina maana nzuri. Khubeir."

Mkwe wangu akasema, "La mababu wa Nungwi hilo, mzee."

Nikaomba chungwa, nikapata kitu cha kutia mdomoni. Zilikuwa zimebaki siku nne mpaka mtoto apewe jina. Nilijua nikinyamaza kwa hili, nitamwita mjukuu wangu kwa kosa langu kila siku niliyobakishiwa, na naye ataitika naam.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Kikwajuni. Safari hii sikuwa na hamu ya mkate. Bi Zuwena, hilo ndilo jina la mama yule, alikuwa kibarazani pale pale, ukili mkononi, umri umemwinamisha kidogo.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Kama ni mambo ya umeme, uje jioni, wenyewe hawapo."

"Si umeme. Mimi nilikuwa nafanya kazi pale wanapoandikisha watoto. Mimi ndiye niliyemwandika mwanao."

Vidole vyake vikasimama. Nikatoa kivuli cha ile karatasi, nilichokitoa kwa mashine kabla sijaondoka kazini, nikampa. Alisoma chuoni kama sisi sote. Hakuchukua muda hata kidogo.

"Jubeir," akasoma. "Mbona hapa imeandikwa Jubeir?"

"Ndivyo ilivyo. Nukta ya chini iko kwenye mkunjo. Na siku ile juu palikuwa na tone la kahawa. Mimi nikalifanya nukta, nikasoma Khubeir."

Akaitazama karatasi tena. "Kwa hiyo si kizungu."

"Si kizungu, bi."

"Na Machano hakukosea."

"Hakukosea. Aliniambia mpaka habari za ndugu yako na mnazi. Mimi nilimsomea kwa sauti ndogo, akaniuliza 'naam?', nikadhani amekubali. Nilijitia kudhani."

Mtoto wa jirani alipita na ndoo, akaamkia, Bi Zuwena akamwitikia, na mtoto akenda zake. Kisha akasema taratibu, kama anahesabu mishono, "Sikio lake la kushoto lilikuwa zito, kwa ajili ya kugonga mawe. Miaka yote ile. Wakimwita mtoto uwanjani, miye nnamgeukia Machano. Nnamwambia, jina moja tu, Machano. Sikukutuma gunia. Jina moja tu likakushinda kulibeba kutoka hapa mpaka mjini. Hanijibu. Mpaka anaingia kaburini anajua ni yeye."

Nikainamisha kichwa.

"Na weye habari hii unayo tangu lini?"

"Miaka ishirini sasa."

"Kutoka kwenu mpaka hapa kuna bahari?"

"Hakuna, bi."

"Ulikuwa unaumwa miguu?"

"La. Haya tu. Niliona haya."

"Haya," akasema. "Ndugu yangu kaanguka mnazi, na jina lake limeliwa na haya." Akaukunja ukili akauweka pajani. "Sasa umekuja kufanya nini?"

Nikamwambia kuna njia ya kusahihisha, mwanawe akikubali, kuna fomu. Akanikatiza kwa mkono.

"Umpige mstari mwanangu? Mtu mzima ana watoto wanne, watu wameita watoto wao kwa ajili yake. Huyo keshakuwa Khubeir, mwache. Miye sitaki karatasi. Ulichukua jina, lete jina. Nyumbani kwako kuna mtoto wa kiume?"

"Mjukuu. Ana siku nne."

"Keshapewa?"

"Bado. Mama yake anataka..." Nikasita.

"Anataka nini? Sema, si unayo sauti?"

"Anataka Khubeir."

Bi Zuwena akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ukili ukaanguka chini, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, na sikujua tena machozi yale ni ya kipi. "Basi nenda," akasema, "nenda ukaseme kwa sauti mara moja maishani mwako."

Nikenda moja kwa moja kwa Asha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaomba chungwa. Alinisikiliza, mtoto kifuani.

"Kwa hiyo jina zima ni tone la kahawa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mababu wa Nungwi?" mumewe akauliza.

"Mababu wanao. Jina hili hawana."

"Baba, Jubeir ni jina la kizee," Asha akasema. "Wenzangu watanicheka." Akamtazama mtoto. "Na lile langu lina maana nzuri. Kijihabari."

"Maana lilipewa baadaye. Mimi nilikuwepo."

Hakunijibu siku hiyo, wala sikumshikilia. Mtoto ni wake. Asubuhi yake akanipigia simu, akasema, "Huyo bibi nnataka kumwona."

Siku ya sita tukampeleka mtoto Kikwajuni. Asha alikuwa bado hajaamua, niliona mabegani mwake. Bi Zuwena hakumwomba kitu, wala hakumwambia habari za jina. Alimpokea mtoto, akamlaza mapajani juu ya kanga safi, akamtazama masikio, akamtazama vidole vya miguu, kama anayekagua chombo alichowaazima watu. Kisha akainama akamwambia, polepole, "Umechelewa, kaka."

Mwanamke mwenye miaka sabini na ushei, anamwita kaka mtoto wa siku sita. Kwetu ndivyo: aliyepewa jina la ndugu yako ni ndugu yako. Asha akanitazama juu ya kichwa cha bibi yule, akaitikia kwa kichwa mara moja, na jambo likawa limekwisha.

Jumatano iliyopita nikaja kwenu. Nilipanga foleni kama watu wengine. Nyuma yangu kulikuwa na jamaa mwenye haraka, mbele yangu, upande wa pili wa kioo, mmoja wenu, anajijua, simtaji. Hakuwahi kuniona upande huu, akacheka kidogo.

"Shikamoo, mzee. Jina la mtoto?"

"Jubeir."

"Jubeir?" Vidole vyake tayari vilikuwa vinakimbia. "Siku hizi wanapenda Khubeir, mzee. Jina moja zuri sana, sijui limetoka wapi. Nikuandikie hilo?"

"Jubeir. Nukta chini."

"Nukta gani?"

"Hapana kitu. Herufi ya J."

Akaandika. Ilimchukua muda mdogo kuliko mimi kuchovya kalamu. Kisha akasoma kwenye kioo cha kompyuta, midomo ikitembea tu, na akanyoosha mkono kwenda kwenye kitufe.

"Ngoja," nikasema. "Lisome kwa sauti, mwanangu. Hata hao wa nyuma walisikie."

Jamaa wa nyuma akasema, "Mzee, tunaandikisha au tunahifadhi?" Watu wakacheka. Masikio yakanipata moto, vilevile kama zamani.

"Soma tu," nikasema.

Akasoma, kwa sauti, mpaka waliokaa kwenye benchi wakainua vichwa. Jubeir. Akaningoja nijibu.

Sikusema naam. Nilisema, "Ndilo hilo," kisha nikalirudia tena, Jubeir, mpaka likafika mlangoni.